Jengo Jipya Halitapunguza Ndege Zinazozunguka Angani

Ndege zikichelewa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi ulioko Embakasi, mitandaoni husikii lingine: "Wajenge jengo jipya la abiria!" Mradi wa jengo la Greenfield, uliokusudiwa kuhudumia abiria milioni 20 kwa mwaka, ulipofutwa mwaka 2016, watu waliomboleza kana kwamba anga ya Nairobi imefungwa. Jamani! Jengo huhudumia abiria. Ndege huhudumiwa na njia ya kurukia, na Embakasi ipo moja tu.

Wengine husema njia hiyo ni fupi. Si fupi, ina mita 4,117. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15, hivyo ndege nzito hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana safari ya New York huondoka usiku, joto likishapungua. Urefu hauhusiani na foleni ya ndege zinazongoja kutua.

Foleni ni suala la dakika. Boeing 777 huacha nyuma yake mikondo ya hewa inayozunguka kwa nguvu ya kuweza kuibinua ndege ndogo. ATR, ndege ndogo ya mapangaboi, inayoifuata kutua lazima ikae nyuma maili 5 za baharini, zaidi kidogo ya kilomita 9. Kwa mwendo wa noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa, hizo ni karibu dakika 2 na sekunde 45. Zikifuatana ndege mbili za wastani zinazolingana, na rada ikiwa nzuri, maili 3 zinatosha: kwa noti 140 ni sekunde 77. Njia ni ileile na hali ya hewa ileile, ila nani anamfuata nani. Vitabu hutoa idadi moja ya ndege kwa saa; mimi idadi hiyo huitilia shaka kila niionapo.

Halafu ndege ikishatua, inaiachia njia kupitia wapi? Njia ya kuchepukia iliyokatwa pembe mraba huilazimisha itambae kwanza. Ya mshazari wa nyuzi 30 huiruhusu itoke kwa kilomita 93 kwa saa, mradi haikuwekwa mahali ambapo ndege nyingi huipita kabla hazijapunguza mwendo.

Gatwick, Uingereza, ilipitisha abiria zaidi ya milioni 46 mwaka 2019 kwa njia moja, tena fupi kuliko ya Embakasi, hadi ndege 55 kwa saa. Ya pili wanayo, lakini zimekaribiana mno, haziwezi kutumika kwa pamoja.

Kwa hiyo ukisema "tujenge ya pili," nitakuuliza: umbali gani kutoka ya kwanza? Chini ya mita 760 baina ya mistari ya katikati, kwa hesabu ya mikondo ya hewa hizo ni njia moja. Ndege kutua kwenye njia zote mbili bila kungojana kunataka angalau mita 1,035.

Foleni za ukaguzi, uhamiaji na mikanda ya mizigo, hayo ndiyo ya jengo. Huko lalamikeni mtakavyo.