Mtoto wako atatumwa chumvi wapi? Kuchagua mtaa wa kuishi na familia Dar es Salaam

Mimi ni mtu wa mipango miji, kwa hiyo haupiti mwezi bila ndugu au rafiki kunipigia simu: "Kaka, tunahamia Dar, tuna watoto wawili, tukae wapi?" Wengi huanza na idadi ya vyumba, marumaru na pa kuegesha gari. Mimi huuliza kwanza: mwanao wa miaka tisa ukimtuma chumvi, ataenda duka gani, atapita njia gani, na nani atamwona akipita?

Swali hilo limebeba karibu kila kitu. Duka la Mangi likiwa hatua hamsini kutoka mlangoni, na Mangi akimjua mtoto kwa jina, maana yake njia inapitika kwa miguu, majirani wanatoka nje, na kuna macho ya watu wazima barabarani.

Chukua Sinza. Mtaa ule haukuota wenyewe. Katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, watu wakajijengea. Viwanja vingi vya Sinza ni vidogo, na udogo huo ndio ninaoupenda. Nyumba zinakaribiana, genge la mboga linapata wateja wa kutosha, fundi cherehani na saluni vivyo hivyo, na mtu anamaliza shughuli zake bila kuwasha gari. Sifichi ubaya wake: kando ya barabara kubwa kuna baa na muziki mpaka usiku wa manane. Ukipanga huko, ingia ndani mitaa miwili mitatu.

Magomeni nako kuna kitu ambacho ramani zetu za siku hizi zimekisahau, nacho ni baraza. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani kuna jiko na choo, na mbele baraza inayotazama njia. Masika moja nilikuwa huko kikazi, mvua ikatushika. Binti mdogo mwenye sare za shule akakimbilia kibarazani kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua. Mama hakuuliza kitu. Alichukua mkoba wa mtoto, akaufunika kwa mfuko wa nailoni, akampa kitumbua, akamwambia, "Kaa hapa, mama yako bado hajarudi." Nilidhani ni shangazi yake. "Hapana," akanijibu, "wa nyumba ya tatu kule." Chini ya paa hilo mwenye nyumba alikuwa Mzaramo, na wapangaji wake Mnyamwezi, Mchaga na mama mmoja wa Kimakonde. Mzaramo na Mnyamwezi walikuwa wakitaniana kama watani wanavyotaniana. Mtoto anayekulia hapo hafundishwi darasani kuishi na watu wa makabila mengine.

Mchanganyiko wa namna hiyo una historia. Mkoloni aliugawa mji huu kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mpaka leo mgawanyo ule unaonekana. Upanga ulikuwa mtaa wa Wahindi zaidi, lakini baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha, familia za Kiafrika ziliingia kwenye fleti zile. Leo kwenye ngazi moja unasikia Kiswahili na Kigujarati.

Nimewahi kuishi pia mtaa wa kuta ndefu na mageti. Nilijua kuwa jirani yangu amefiwa siku nilipoona turubai na viti vikishushwa. Miaka miwili tulikuwa tumetenganishwa na ukuta, na sikulijua hata jina la marehemu. Iliniuma sana, na tangu hapo simshauri mtu mwenye watoto wadogo kwenda huko, hata kama nyumba ni nzuri.

Kabla ya kumlipa dalali na kodi ya miezi sita, nenda mtaani mara tatu: asubuhi watoto wakienda shule, jioni saa kumi na moja, na Jumamosi usiku. Ukiweza, nenda masika. Angalia kuta za nyumba zilizo bondeni. Mstari wa tope ulioachwa na maji hauna siri. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi bonde la Msimbazi, wakahamishiwa Mabwepande, na bado kuna nyumba zinazopangishwa karibu na mikondo ya maji kama vile hakuna kilichotokea.

Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa. Msalimie mwenyekiti, uulize eneo la wazi liko wapi kwenye ramani, halafu nenda ukalitazame kwa macho yako. Mara nyingi utakuta fremu za maduka. Ukikuta watoto wanacheza chandimu, magoli ni matofali mawiliwawili, na mzee amekaa pembeni anaamua ugomvi wao, rudi kwa dalali muanze kuzungumza bei.