Mwenye nyumba anaona nini akikuchungulia?

Juzi baada ya Isha alinipigia kijana mmoja wa Wete, Pemba, anayesoma Leicester, Uingereza. Kapata chumba, kakipenda, lakini wakala wa nyumba kamletea fomu ya ridhaa: wanataka kumkagua rikodi yake ya madeni kabla ya kumpa ufunguo. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwishakata tamaa. “Ami, wataiona ile vespa?”

Vespa aliikopea Chake Chake kabla ya kusafiri, na marejesho bado yanamfuata.

Hawataiona. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la mikopo hapa Unguja, na nimegundua watu wanaogopa sana ukaguzi huu kwa sababu wanadhani ni kuvuliwa nguo. Kule Uingereza rikodi za wakopaji zinawekwa na mashirika makubwa matatu: Experian, Equifax na TransUnion. Rikodi zao ni za maisha yako ya kule. Deni la Chake halimo.

Tena hata za kule, mwenye nyumba haonyeshwi zote. Benki unayoiomba mkopo hufunguliwa mlango mpana: kadi zako, mikopo yako, mwezi gani ulichelewa kulipa. Mwenye nyumba kwa kawaida hupewa yale yaliyo hadharani tu, yaani hukumu za mahakama kuhusu madeni, kufilisika, mapatano rasmi ya kuwalipa wadai kidogo kidogo, na kama jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura kwa anuani uliyoitaja. Salio lako haoni. Mshahara wako haoni, na ndiyo maana anakuomba mwenyewe umletee hati ya mshahara na karatasi za benki. Mengi anayoyajua juu yako umempa wewe kwa mkono wako.

Hukumu ya deni ndiyo ya kuogopa. Inakaa kwenye rikodi miaka 6. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja inafutwa. Ukilipa baada ya hapo inabaki pale pale, ila inaandikwa kuwa umelipa. Ukaguzi wenyewe haukuharibii kitu, kwani alama inayoachwa na mwenye nyumba wakopeshaji wengine hawaioni. Na kwa England, tangu Juni 2019 mpangaji hatozwi pesa za kukaguliwa. Ukidaiwa, uliza kwa nini.

Hilo la daftari la wapiga kura lilimchekesha kijana wangu. “Mimi nimpigie nani kura huku?” Lakini Tanzania imo Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya anayeishi kule kwa kibali anaruhusiwa kujiandikisha. Kura akipenda asipige. Jina likiwepo, anuani yake inathibitika, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye faili lake halina kitu.

Maana shida yake hasa ni hiyo. Si vespa, ni utupu. Mtu aliyefika majuzi hana baya wala zuri la kusomwa, na wakala asiyeona kitu hutaka mdhamini. Wanafunzi wengi walikuwa wakitoka hapo kwa kulipa kodi ya miezi sita mbele, lakini sheria ya wapangaji ya England ya 2025 inamzuia mwenye nyumba, kuanzia Mei 2026, kudai mbele zaidi ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo nilipocheka mimi, kwa sababu huku kwetu kodi ya mbele ndiyo ukaguzi wenyewe.

Kanzidata ya wakopaji tunayo. Iko chini ya Benki Kuu kwa kanuni za 2012, mabenki yanalazimika kupeleka taarifa, na kuna mashirika yenye leseni kama Creditinfo yanayotoa ripoti. Lakini sijapata kumuona mwenye nyumba wa Mpendae wala Kiembesamaki akiishika ripoti hiyo mkononi. Yeye anataka miezi sita, au mwaka, taslimu. Halafu anampigia dalali. Halafu anamuuliza sheha wa ulikotoka, na kama sheha hana la kusema, baraza la jirani, pale watu wanapokaa kuzungumza jioni, linalo.

Na baraza, sikwambii, linaona kuliko Experian. Linajua kama uliondoka usiku. Linajua bili ya maji ya ZAWA uliyomwachia mwenzio. Ya umeme huwezi kuiacha, kwani umeme wa Tukuza unalipiwa kabla, ukimalizika giza linakukuta wewe mwenyewe. Linajua kama mke alirudi kwao. Na halina miaka 6: nimewahi kuona mtu akinyimwa nyumba Fuoni kwa kodi aliyoila baba yake. Kwenye shirika la rikodi ukikuta kosa unadai lisahihishwe. Kwenye baraza utamdai nani? Ukipita wananyamaza, ukishapita wanaendelea.

Kwa hiyo nilimwambia asaini, aandike anuani zake zote bila kuruka hata ile ya wiki tatu alizolala kwa rafiki, na aombe nakala ya rikodi yake kwa mashirika yote matatu, kwani ya kisheria ni bure. Vespa aendelee kuilipa, maana mdhamini wake kule Chake ni mjomba wake, na afisa mikopo anaujua mlango wa mjomba.

Jana kaniandikia. Ukaguzi umerudi mweupe, wakala anataka mdhamini anayeishi Uingereza. Je, namjua Mpemba yeyote wa Leicester? Nimeshaanza kuuliza, na nimeanzia barazani.