Kabla hujaandika "mbakaji"

Karatasi ilikuwa imechanwa kwenye kaunta buku. Mwalimu wa malezi alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Mwanafunzi wa darasa la tano, mbakaji." Nje ya ofisi, kwenye benchi moja, walikaa mvulana wa miaka 11 na binti wa miaka 7 aliyemlalamikia. Walikuwa hapo tangu saa nne, wakimsubiri afisa ustawi wa jamii, yaani mimi. (Umri na darasa nimebadilisha wasitambulike.)

Nilianza na benchi. Binti alikwenda kukaa na mwalimu anayempenda, mama yake akapigiwa simu. Kesi kama hii ina watoto wawili, na kila mmoja anahitaji mtu wake mzima. Binti ndiye wa kwanza: usalama, kusikilizwa mara moja bila kurudishwarudishwa, na hospitali mapema, maana dawa za kuzuia VVU, zikihitajika, huanzishwa ndani ya saa 72.

Kisha nikarudi kwenye karatasi. Nikamwomba mwalimu aandike upya: mtoto alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe, wapi, saa ngapi, nani alikuwa karibu. Jina la kosa asiliandike. Hakupendezwa. "Kwa hiyo afisa, tunamtetea?"

Hapana, mwalimu. Lakini lile neno likishaandikwa, hakuna anayeuliza tena. Huyu mvulana analala chumba kimoja na nani? Anashika simu ya nani? Kuna mtu amewahi kumfanyia yeye? Wengine wamefanyiwa, wengine wameona video za watu wazima, wengine wamekulia kwenye vipigo. Si wote. Na tafadhali tusigeuze hilo kuwa laana: watoto wengi waliodhalilishwa hawamdhuru mtu yeyote.

Profesa Simon Hackett wa Uingereza alipendekeza mwaka 2010 tuitazame tabia ya kingono ya watoto kama ngazi yenye vidato vitano, kuanzia ile ya kawaida kwa umri, isiyofaa, yenye matatizo, ya udhalilishaji, hadi ya ukatili. Kinachonisaidia kujua tuko kidato gani ni maswali machache. Wamepishana umri au nguvu kiasi gani? Kulikuwa na vitisho, pipi, au "usimwambie mama"? Alishakatazwa akarudia? Wawili wa miaka 5 wanaochunguliana chooni wanahitaji mtu mzima mtulivu wa kuwaelekeza. Miaka 11 kwa 7, na siri juu yake, ni jambo lingine kabisa.

Sheria nayo ina macho. Kwa Tanzania, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Kati ya 10 na 12, hawajibiki mpaka ithibitike alijua hakupaswa kufanya vile. Anayeshtakiwa hupelekwa Mahakama ya Watoto. Kutoa taarifa, hata hivyo, si hiari: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye habari za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ni bure.

Kinachonichosha ni kikao cha jioni kwa mjumbe. Baba wawili wanapeana mikono, faini inalipwa, "tuyamalize kifamilia". Binti hakuulizwa, mvulana hakusaidiwa, na kesho wanachota maji bomba lilelile.

Mpango wa usalama wa yule mvulana ulienea nusu ukurasa. Asiende choo cha nyuma ya darasa la saba, kusikoonekana na mtu. Atoke shuleni robo saa baada ya wadogo. Nyumbani asiachiwe kulea watoto, na simu ilale chumbani kwa mama. Kila Jumatano anaonana na mshauri. Mstari wa mwisho mwalimu wa malezi aliuongeza mwenyewe, kwa kalamu ileile: "Aendelee na mpira, mwalimu wa michezo awepo."