Nani hampendi nani, ukurasa wa 14?

Juzi usiku, saa tano kasoro, nimepata ujumbe: "Shikamoo mhariri. Mswada nimeupitia mwenyewe mara saba, uko safi. Naomba uniangalizie nukta na mikato tu, keshokutwa unaenda kwa mpiga chapa."

Mara saba. Sijui kwa nini huwa ni saba. Hakuna aliyewahi kuniambia tano, wala kumi na moja.

Nikafungua faili popote pale, nikaangukia ukurasa wa 14. Nauweka hapa kwa ruhusa ya mwenyewe, majina nimebadilisha:

"Asha alimtazama Hamisi kwa muda mrefu. Alijua amemwambia mama yake. Alimshika mkono, akamwambia hampendi, akatoka."

Haya. Nukta zipo, mikato ipo, tahajia haina doa. Sasa niambie: nani alijua? Nani amemwambia mama? Mama wa nani? Aliyetoka ni yupi? Na hilo "hampendi" ndilo linanitoa jasho. Asha hampendi Hamisi? Hamisi hampendi Asha? Au yule Zuberi aliyekuwa sura ya pili ndiye hampendi mmoja wao, na hapa anasemewa? Tena "hampendi" hiyohiyo ni ya "ninyi hampendi". Neno moja, milango minne, na mwandishi kapita hapo mara saba bila kugusa kitasa.

Hapa ndipo nataka tukae, maana ndipo ninapochoka. Watu hudhani anayeshindwa kujihariri ni mvivu au lugha haijui. Sivyo. Niliwahi kuhariri mswada wa mtu aliyefundisha Kiswahili chuoni maisha yake yote, na mambo yalikuwa yaleyale. Lugha yetu humbeba mtenda na mtendwa kwa silabi mbili ndogo, a- na -m-, na silabi hizo haziulizi kama ni mwanamke au mwanamume, tajiri au dobi wake. Ndiyo maana masimulizi yetu yanakimbia. Akamwita, akamjia, akamkumbatia, maneno matatu na picha imekamilika. Lakini kila a- uliyoandika, wewe ulikuwa unaona sura kichwani. Ukirudi kusoma, unasoma ile sura, husomi karatasi. Pitia mara saba, pitia sabini, Asha atakuwa Asha. Mimi msomaji sina hiyo sura. Nina a- tu.

Na ukijifunza uandishi kwa vitabu vya Kiingereza, hutaonywa. Kiwakilishi chao kinatenga mwanamume na mwanamke, kwa hiyo Asha na Hamisi wakiwa chumbani peke yao, mhariri wa London analala usingizi. Mimi silali.

Dawa si kupachika majina kila mahali. "Asha alimwambia Hamisi kwamba Asha hampendi Hamisi" hayo ni maelezo ya polisi. Wape wahusika vinywa: "Sikupendi," Asha akasema. Si- na -ku- hazina utata, zinajua nani anasema na nani anaambiwa. Nusu ya kurasa ninazotengeneza, ninachofanya ni hicho tu, natoa "akamwambia kwamba" naingiza mtu anayesema.

Na kama huna hela ya mhariri (sikulaumu), chapa sura mbili kwenye karatasi, chukua kalamu mbili. Kila kiambishi cha Asha kizungushie nyekundu, cha Hamisi buluu. Mkono ukisita, hata kidogo, jua msomaji alishapotea mistari mitatu nyuma. Kisha mpe mtu asome kwa sauti mbele yako, nawe ufunge mdomo. Usimweleze kitu. Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu.

Mengine nayataja haraka kwa kuwa yanajulikana. Ambae, nae, uyu, adi: tafuta na ubadilishe, dakika kumi. R na L ni hatari zaidi kwa sababu makosa yake ni maneno halali: kuna mswada ulioniambia "mahali ilikuwa ng'ombe sita", na hakuna programu ambayo ingeniokoa hapo, mahali ni neno zuri tu. Simulizi za WhatsApp, zile za kulipia kwa M-Pesa ndipo uunganishwe kwenye kundi, usizibandike zilivyo ukaziita riwaya. Kila sehemu inaanza kwa kukumbushia ya jana na inaisha mtu kashika kitasa cha mlango. Kwenye kundi hiyo ndiyo chakula chako. Kwenye kitabu, msomaji akifikia kitasa cha ishirini anakwenda kulala. Na ISBN unayopewa na Bodi ya Huduma za Maktaba ni namba ya utambulisho. Tarakimu 13. Haisemi kitabu ni kizuri, acheni kuiweka kwenye matangazo kama cheti.

Matangazo, sasa. Ukimwambia mwandishi huyuhuyu wa mara saba atafute wasomaji, anakujibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imeua vitabu vingi kuliko mchwa. Waliotutangulia hawakuiamini kiasi hicho. Chukua tenzi za kale: mtunzi akikaribia mwisho, mara nyingi anakutajia jina lake, idadi ya beti na mwaka aliomaliza, humohumo ndani ya vina. Ben Mtobwa naye hakukaa nyumbani kungoja riwaya zake zijiuze, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Duka la vitabu litakupokea kwa mali kauli, likiuza ndipo ulipwe, na kitabu kitakaa rafu ya chini kikitazama viatu vya watu.

Lakini kujitangaza nako tunakufanya vibaya. Picha ya jalada kwenye makundi arobaini, "kipo sokoni, jipatie nakala yako", pamoja na kundi la msiba. Kundi la ukoo wetu lilinitoa mwaka jana kwa kosa hilo, na sikuwa natangaza hata kitabu changu. Ninachoona kinashika kidogo ni ukurasa mmoja. Si maelezo ya nyuma ya jalada yanayosema kitabu "kinagusa maisha ya jamii". Ukurasa wenyewe, ulionyooka, uliokatwa mahali pabaya.

Ninasema "kidogo" kwa sababu ukweli sijui kinachouza. Miswada miwili bora niliyowahi kushika ipo kwenye maboksi chini ya vitanda vya wenyewe. Na kuna kimoja nilikikataa, kimejaa a- zisizo na wazazi, jamaa akakichapa hivyohivyo, akasimama nacho stendi ya mabasi asubuhi na jioni, kikaisha, akachapa tena. Wasomaji wake walijua nani hampendi nani? Sijui. Hawakurudisha hela.

Na si kila nilichogusa nilikiponya. Dada mmoja wa Pemba aliniletea bibi anayesema "n'shakwambia", nami kwa usanifu wangu nikamsahihisha bibi wa watu akawa anasema "nimeshakuambia", kama msomaji wa taarifa ya habari. Kitabu kilitoka hivyo. Kila nikikiona naangalia pembeni.

Yule wa mara saba nilimjibu kwa swali moja: ukurasa wa 14, nani hampendi nani? Tiki za buluu zikawaka, kimya siku nzima. Jana usiku akajibu, na hasira naziona:

"Mhariri, si iko wazi? Hampendi Hamisi."