Usimoni: cheo cha kanisa kinapouzwa

Usimoni ni kununua au kuuza kitu cha kiroho, kama vile daraja (cheo cha shemasi, padre au askofu), sakramenti au mamlaka juu ya waumini. Jina limetokana na Simoni wa Samaria, yule mchawi wa Matendo ya Mitume sura ya 8, aliyewatolea mitume fedha ili naye apate uwezo wa kuwawekea watu mikono. Petro alimkataa papo hapo. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu, ulitunga kanuni kali: askofu anayetoa daraja kwa fedha anahatarisha cheo chake, aliyelipa hafaidiki na alichonunua, na hata dalali aliyewakutanisha anaadhibiwa. Kanisa Katoliki lingali na msimamo huo. Kanuni ya 149 ya sheria zake za mwaka 1983 inasema wadhifa uliotolewa kwa usimoni ni batili.

Nairobi neno lenyewe halisikiki sana, ila jambo lipo. Bei haibandikwi mlangoni. Mchungaji mwenye kanisa la mabati Kayole au Kawangware anaambiwa huduma yake haitakua bila "kifuniko", yaani kiongozi mkubwa wa kumsimamia kiroho. Anapata baba wa kiroho, na baada ya hapo anadaiwa "mbegu" ya kujiunga, mchango wa kila mwezi, na mwishowe sadaka ya kutawazwa. Siku ikifika anapiga magoti, anapakwa mafuta kwenye paji la uso, anavishwa pete na msalaba wa mnyororo, anakabidhiwa fimbo na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Soma vizuri ujumbe wa M-Pesa wa malipo hayo. Ukionyesha jina la mtu na si la kanisa, pesa imeingia kwenye simu ya mtu binafsi, na hata risiti huenda usipewe.

Si kila malipo ni usimoni. Fundi wa joho hulipwa, ukumbi hulipiwa, mwalimu wa chuo cha Biblia naye ana karo yake. Kinachopima ni sharti. Mtu amesoma, amechunguzwa na washirika wakamkubali, lakini hana hela: je, atatawazwa? Kama tarehe inasogezwa hadi amalize salio, basi cheo hicho kinauzwa, hata kama malipo yanaitwa sadaka. Dalili nyingine ni haraka. Asiyewahi kulea ushirika hata mmoja akitoka uchungaji hadi uaskofu ndani ya wiki chache, uliza ni nani aliyemchunguza.

Madhara makubwa huwaangukia washirika, kwa sababu aliyenunua hutafuta pesa yake irudi. Tuseme mtu alilipa shilingi 80,000. Akiwatawaza wachungaji 8 kwa 10,000 kila mmoja, zimerudi, na hao 8 nao wataenda kuzitafuta kwa mama anayeuza mboga na kijana wa bodaboda. Ndiyo maana mikutano ya maombi hugeuka kuwa ya kuchangisha.

Halafu cheo hicho hakina nguvu ya kisheria ambayo wengi hudhani kinayo. Sheria ya Kenya haimpi mtu uaskofu. Kanisa husajiliwa na Msajili wa Vyama. Leseni ya kufungisha ndoa hutoka kwa Msajili wa Ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na fimbo haichukui nafasi yake. Asiye na leseni akifungisha harusi anavunja sheria, na maharusi hugundua wanapohitaji cheti cha ndoa, pengine kwa ajili ya viza au urithi. "Udaktari" wa heshima unaouzwa pamoja na uaskofu nao uulizie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Gigiri, kabla ya kuuandika kwenye bango.

Ukiwa umeitishwa malipo, usipige simu, andika ujumbe. Uliza jina la kanisa kama lilivyosajiliwa na namba ya usajili, kisha uyathibitishe kwa Msajili wa Vyama. Uliza pia ni nani watakaokuchunguza na kwa muda gani. Mwisho uliza hivi: "Nikikosa pesa hizi, bado nitatawazwa?" Hifadhi jibu. Likichelewa, au ukijibiwa kwamba unakosa imani, usitume kitu.