Je, wajua kwa nini mama wa Misri ya kale aliweza kuwanyima watoto wake urithi?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni malkia: Hatshepsut alitawala, Cleopatra naye akatawala, basi wanawake wakawa na haki. Sivyo. Cleopatra wa Saba alitoka katika ukoo wa Wamakedonia, wageni waliotoka upande wa Ugiriki, na katika zama za ukoo huo huo mwanamke aliyeandikiana mkataba kwa sheria ya Kigiriki alihitaji msimamizi wa kiume: baba, mume au kaka. Jirani yake aliyetumia sheria ya Kimisri aliuza shamba, akakopesha na kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Haki hiyo haikushuka kutoka ikulu. Ilikuwa katika sheria ya mali, karne nyingi kabla ya Cleopatra kuzaliwa.

Mfano bora ni Naunakhte wa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao, ng'ambo ya Nile kutoka Luxor ya leo. Katika mwaka wa 3 wa utawala wa farao Ramesses wa Tano, yapata 1145 KK, alisimama mbele ya baraza la kijiji akatoa wasia. Alikuwa amelea watoto wanane. Sasa amezeeka, na baadhi yao hawamtunzi. Hao hawatapata chake.

Chake ni kipi? Tuseme mume na mke wamechuma pamoja magunia tisa ya ngano. Sita ni ya mume, matatu ya mke. (Theluthi hii isichanganywe na ile ya wasia katika sheria ya Kiislamu, hii ni fungu la mke katika mali ya ndoa, na ni lake hata mume akiwa hai.) Kando ya magunia hayo kuna kapu jingine: alichokuja nacho mke. La Naunakhte lilikuwa na ghala la baba yake na mali ya mume wake wa kwanza, mwandishi Qenherkhepeshef. Mume wa pili, Khaemnun, hakuwa na fungu humo.

Ndiyo maana adhabu yake ilikuwa na mpaka. Watoto aliowakataa walikosa theluthi yake na kapu lake, lakini katika theluthi mbili za baba yao, Khaemnun, waliingia kama wenzao. Mama hakuweza kugawa kisicho chake.

Tusivuke ushahidi, hata hivyo. Mafundi hawa walilipwa na dola na waliishi karibu na waandishi; mke wa mkulima huenda hakuwahi kuandikiwa hati yoyote. Na haki ya mali haikuwapa wanawake vyeo: mabaraza na ofisi vilijaa wanaume.

Mwana mmoja wa Naunakhte, aliyeitwa kwa jina la yule mume wa kwanza, alizidishiwa zawadi juu ya fungu lake: beseni la shaba nyeusi la kunawia.