Injini ya boti ikitetemeka, usikimbilie boliti
Kwenye mialo (maegesho ya boti za wavuvi) ya Mwanza wengi huamini injini ya boti ikitetemeka dawa ni kukaza boliti. Zilizolegea kaza, sawa, ila mara nyingi hapo unahamishia tu mtetemo kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti. Weka nyutro, piga resi kidogo. Ikitulia, shuku propela. Zima, chomoa waya za plagi, izungushe kwa mkono huku kalamu ikiwa karibu na ncha za mapanga. Lililopinda litagusa au litapita mbali. Vua propela pia: uzi wa nyavu uliojiviringa kwenye shafti hukata sili (mpira wa kuzuia maji), maji yakaingia, oili ya gia ikawa kama chai ya maziwa. Ikitetemeka hata kwenye nyutro, fungua plagi. Yenye kulowa petroli ndiyo ya silinda isiyochoma.